Kubana na Kubania

Mtaani kwetu Nakuru kuna vitenzi viwili ambavyo mgeni anaweza kudhani ni kimoja. Kubana ni kupunguza matumizi. Unabana sukari mwezi ukiwa kwenye kona, unabana bando, unatembea kwa mguu kutoka Section 58 hadi tao badala ya kupanda matatu. Kubania ni mambo mengine kabisa. Ukimbania mtu, umemnyima kitu ulichokuwa na uwezo wa kumpa, na pengine hata hajui ulikuwa nacho. Anayebana anajinyima mwenyewe. Anayebania ananyima wengine. Wa kwanza tunamsifu. Wa pili tunamsema akishaondoka.

Maneno haya mawili yamekuwa yakinizunguka kichwani kwa sababu ya simu. Simu za siku hizi hutunza chaji zenyewe. Hazingoji uziambie. Zinaangalia unavyoishi, zinaamua programu gani ikae macho na ipi ilale, na wewe unaona tu kwamba betri imefika jioni. Tumeshukuru na kuendelea na maisha. Lakini nauliza: simu inapofanya hivyo, inabana au inabania?

Kubana tunakujua. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima, na sehemu nyingi zilikaa gizani hadi Jumamosi. Wengi tulifanya hesabu ile ile: zima data, punguza mwangaza wa skrini, bakisha chaji kidogo ya kumpigia mtu wako asubuhi. Kila mtu alijua anaacha nini na anaacha kwa ajili ya nani. Hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Simu inapobana yenyewe, hesabu ni nyingine. Mwaka 2015, Android 6 ilikuja na mpango unaoitwa Doze. Simu ikiwa haiko kwenye chaji, skrini imezimika, na imetulia mahali pamoja kwa muda, mfumo unalaza programu zilizo nyuma. Haziruhusiwi kuingia kwenye intaneti, na kazi zao zinaahirishwa. Baada ya muda simu inafungua dirisha dogo, programu zote zinakimbia kumaliza shughuli zao kwa pamoja, kisha dirisha linafungwa tena. Kadiri simu inavyozidi kutulia, ndivyo madirisha hayo yanavyozidi kuachana. Kupigiwa simu kwa kawaida na SMS havizuiwi na mpango huo, ndiyo maana ujumbe wa M-Pesa unakufikia hata simu ikiwa imelala fofofo.

Mwaka 2018 mambo yalienda mbele zaidi. Katika Android 9, Google kwa kushirikiana na DeepMind waliipa simu uwezo wa kujifunza tabia za mwenyewe. Programu ziligawanywa katika mafungu manne: unayoitumia sasa hivi, unayoitumia karibu kila siku, unayoifungua mara kwa mara, na unayoigusa kwa nadra. Programu ikiangukia fungu la nadra, kazi zake za nyuma ya pazia zinaweza kucheleweshwa hadi saa 24. Baadaye likaongezwa fungu la tano, lenye masharti makali kuliko hayo. Juu ya hayo yote, baadhi ya watengenezaji wa simu huweka ukali wao wenyewe.

Kabla sijalalamika, niutetee mpango huu kidogo. Ukiiachia kila programu ijisemee, itakuwa kama steji ya matatu za Njoro: kila makanga anakuapia kwamba yake ndiyo inatoka sasa hivi. Mchezo wa pipi utasema ni wa dharura. Duka la viatu litasema ni la dharura. Zote zikisikilizwa, simu itazima saa sita mchana na hata ile programu ya maana itazima nayo. Lazima awepo mwamuzi. Isitoshe, wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwa na betri za lithiamu, ambazo huchakaa hata zikikaa bila kutumiwa. Kutunza chaji ni kutunza pesa, na si kila mtu ana pesa ya betri nyingine.

Kwa hiyo sina ugomvi na kulaza programu. Ugomvi wangu uko kwenye kigezo. Simu haina njia ya kujua kipi ni muhimu kwako, basi inauliza swali jepesi zaidi: unakigusa mara ngapi? Kisha inachukua jibu la swali hilo jepesi na kulitumia kama jibu la lile gumu.

Tazama mambo mazito ya maisha uone yanakuja mara ngapi. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, maji yalifagia kijiji cha Kamuchiri kule Mai Mahiu, humu humu katika kaunti yetu, na makumi ya watu wakafa. Sisemi simu ingewaokoa. Maji yalikuja ghafla na watu walikuwa usingizini. Nasema tu kwamba onyo la mafuriko ni kitu ambacho mtu anaweza kukihitaji mara moja katika maisha yake yote. Kwa kigezo cha "mara ngapi", onyo kama hilo liko chini ya mchezo wa pipi. Ndivyo ilivyo kwa matokeo ya maabara, kwa barua ya kuitwa kazini, kwa kundi la ukoo linalokaa kimya miezi mitano hadi mzee aanguke. Vitu hivi ni vya nadra, na huwezi kupima uzito wao kwa kuhesabu vidole vimegusa skrini mara ngapi.

Si nadharia tupu. Mwaka 2020 Ujerumani ilitoa programu ya Corona-Warn-App, ya kumjulisha mtu kwamba alikuwa karibu na mgonjwa wa korona. Julai mwaka huo ikagundulika kwamba kwenye baadhi ya simu za Android, mpango wa kutunza chaji ulikuwa umeizuia programu hiyo kufanya kazi nyuma ya pazia. Ilibidi mwenye simu aifungue mwenyewe ndipo ipate habari mpya. Fikiria: programu ambayo ubora wake wote ni kwamba hufai kuihitaji kila siku, ikalazwa kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna jamaa mmoja wa boda ninayemfahamu hapa Nakuru. Anabeba abiria, na pia anapokea kazi za kupeleka mizigo kupitia programu. Kazi zikiwa chache anakaa juu ya pikipiki, anafungua video za ngoma, na simu inaona ile programu ya kazi iko nyuma tu, haijaguswa. Inaifunga. Oda inaenda kwa mwingine.

"Hii simu inanibania, boss," aliniambia. Hakusema inabana. Alisema inanibania.

Nikamuuliza kama ameiondoa hiyo programu kwenye orodha ya zinazolazwa.

"Nimeiondoa mara mbili. Simu ikijisasisha, inarudi vile ilikuwa. Na siwezi kuzima kila kitu, kwa sababu bila kubana chaji, saa nane mchana niko nje ya kazi. Mimi nataka tu iniulize."

Maneno hayo ya mwisho nimeyabeba hadi leo. Huyu mtu anataka simu ibane. Anaelewa kubana kuliko mimi. Ametoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na hatakutana na soketi hadi usiku. Anachokataa ni kunyimwa kitu kwa jina la akiba yake mwenyewe, bila kuambiwa.

Na kuna jambo moja katika mpango huu ambalo watu hawaliongelei. Yale mafungu manne ya kwanza niliyotaja hufanya kazi simu ikiwa haiko kwenye chaji. Ukiichomeka, vizuizi vile vinaondoka. Sasa linganisha watu wawili. Mmoja anakaa ofisini Kenyatta Avenue, waya wa chaji uko mezani kutwa, simu yake iko macho na kila arifa inaingia kwa wakati. Mwingine yuko barabarani kati ya Kaptembwa na Free Area, na simu yake inamgawia dunia kwa kijiko. Hakuna mhandisi aliyekaa chini akasema tuwabanie watu wa boda. Lakini mtu akiwa mbali na soketi, analipa zaidi, na kwa kawaida anayekaa mbali na soketi ndiye asiye na nafasi ya kulipa.

Hapa mtu anaweza kunijibu hivi: simu haikubanii, inakuiga tu. Imejifunza kwako. Kama programu ya kliniki imelala, ni kwa sababu wewe hukuifungua. Lawama ni ya nani?

Jibu hilo lina nguvu, na sitalikwepa. Ni kweli simu inasoma tabia zangu. Lakini tabia yangu si sawa na ninachokithamini. Mwanafalsafa wa Marekani, Harry Frankfurt, aliandika mwaka 1971 kwamba kinachomfanya mtu awe mtu ni kwamba hana matamanio tu. Ana pia matamanio kuhusu matamanio yake. Anaweza kutaka kitu na wakati huo huo kutamani asingekitaka. Mimi naweza kufungua video fupi mara arobaini kwa siku huku nikitamani ningefungua mara nne. Simu inaona ile arobaini na kusema: huyu anapenda hizi, zikae macho. Ile nne haionekani popote. Kwa hiyo inachukua udhaifu wangu inauita chaguo langu, halafu inautilia chaji.

Binadamu anayenijua hafanyi hivyo. Mamangu anajua napenda kuchelewa kulala, lakini kukiwa na jambo la hospitali ataniamsha. Anapima jambo lenyewe, hapimi mazoea yangu.

Basi tufanyeje? Sidhani dawa ni kuwapa wahandisi kigezo kingine cha ajabu zaidi, wakisie hadi mioyo yetu. Nafikiri tudai kitu kidogo zaidi: taarifa. Hata stima, pamoja na malalamiko yetu yote, ina utaratibu wake. Kenya Power ikipanga kukata umeme kwa ajili ya matengenezo, hutoa tangazo lenye eneo, tarehe na saa. Unaliona, unanung'unika, unapiga pasi nguo mapema, mwenye kinyozi anapanga siku yake upya. Umekatiwa, lakini umeheshimiwa kiasi cha kuambiwa. Na kama mtaa wako unakatiwa kila wiki na mwingine haukatiwi, una karatasi ya kugombana nayo.

Apple walijifunza hili kwa gharama. Desemba 2017 walikiri kwamba programu yao ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone za zamani zenye betri zilizochoka, ili zisizime ghafla. Kama uamuzi wa kiufundi, unaeleweka. Afadhali simu ya polepole kuliko simu iliyozima katikati ya safari. Lakini walikuwa hawajawaambia watu waziwazi, na wengine walidhani simu zao zimekufa, kumbe walihitaji betri tu. Apple wakaomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Februari 2020 Ufaransa ikawatoza faini ya euro milioni 25. Kosa lililoadhibiwa ni kutowaarifu wateja. Kupunguza kasi kungeweza kuwa kubana. Kunyamaza ndiko kulikoigeuza ikawa kubania.

Kwa hiyo nadhani nimepata jibu langu, ingawa si la ndiyo au la. Akiba inakuwa fadhila pale anayenyimwa anapojua, na anapokuwa na nafasi ya kusema hapana. Simu ingeweza kuniandikia kila asubuhi mistari miwili tu: jana nimelaza hizi, ujumbe huu umechelewa saa kadhaa, uendelee hivi au nibadilishe? Hilo halihitaji akili bandia. Linahitaji mtu aliyeamua kwamba mwenye simu anastahili kuulizwa.

Hadi watakapoamua, kazi imebaki kwetu. Kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya betri, kuna orodha ya programu, na kwa kila moja unaweza kuchagua izuiwe au iachwe huru. Wengi hawajawahi kuifungua. Mimi niliikalia Jumapili moja alasiri mvua ikinyesha, na sikujiuliza ninatumia kila moja mara ngapi. Nilijiuliza: ujumbe wa hii ukichelewa siku nzima, nani ataumia? Tatu nikaziachia zikae macho: ya kliniki, ya hali ya hewa, na ile ambayo kundi la ukoo hutumia. Betri yangu, iliyokuwa ikifika saa 3 usiku, sasa inaisha saa 2. Hiyo saa moja nimeibana mwenyewe, na najua ni kwa ajili ya nani.