Jezi ya Mtoto na Kanzu ya Yusufu



Huko Kanada Krismasi huangukia katika majira ya baridi kali, maji ya maziwa yakiganda hata watoto wakateleza juu yake. Mchezo wao mkubwa ni mpira wa magongo wa barafuni. Basi jamaa wakutanapo kusherehekea kuzaliwa kwa Bwana, watoto wengi hutazamia zawadi ya jezi, yenye namba na jina la mchezaji mgongoni.

Mwandishi wa nchi hiyo, Roch Carrier, alitoa mwaka 1979 kisa cha utoto wake katika kijiji cha Sainte-Justine, Quebec. Wavulana wote pale walivaa jezi ya Montreal yenye namba 9, namba ya Maurice Richard. Yake ilipochakaa, mama yake akaagiza nyingine kwa barua katika duka la Eaton's. Ikaja ya Toronto, mahasimu wao! Mama akakataa kuirudisha, asije akamwudhi mwenye duka. Mtoto akaenda nayo uwanjani, asichezeshwe. Akavunja gongo lake kwa hasira, naye padre akamtuma kanisani akaombe msamaha. Alichoomba ni nondo waje waile ile jezi.

Tunacheka. Lakini yule mama hakupungukiwa na upendo. Alitaka mwanawe apate nguo ya kumfaa. Mtoto yeye alitazama wenzake. Nguo avaayo mtoto mbele za watu humwambia yeye ni wa nani.

Mzee Yakobo alikuwa na wana 12 na kanzu ndefu moja (Mwanzo 37). Hatusomi kwamba wale wengine walitembea uchi. Walikuwa na nguo, ila si ile. Mwisho wake twaujua: vipande 20 vya fedha, na kanzu ikarudishwa kwa baba ina damu ya mbuzi.

Sasa tuingie nyumbani mwetu. Krismasi kwetu ni nguo mpya. Na katika nyumba nyingi yumo mtoto wa marehemu kaka, au mtoto ambaye mama aliolewa akiwa naye, au binti wa ndugu aliyeletwa kusaidia kazi. Watoto wa nyumba wameshonewa kitambaa kimoja. Yeye amepewa gauni la mwaka jana, limefuliwa, limepigwa pasi, wala halina tundu. Ukiuliza, baba atajibu, "Mbona naye amevaa?" Amevaa, ndiyo. Lakini wakiingia kanisani, hata mgeni asiyewajua humtambua mara moja asiye wa humo.

Najua fedha ni shida. Kama haitoshi magauni manne, yaweza kutosha vitambaa vinne vya kichwa, vya rangi moja. Mtume Paulo asema kwamba tuliobatizwa tumevikwa Kristo (Wagalatia 3:27), na watoto hao wote wamebatizwa katika birika lile lile mnaloliona kila Jumapili.

Majilio yameanza, na mafundi wameanza kuchukua vipimo. Akina baba, kabla hamjatoa fedha, waiteni watoto wote waliolala nyumbani usiku huo, wapimwe pamoja. Na yule binti aliyeko jikoni aitwe pia.