Nguvu Kwanza au Breki Kwanza?



Mwezi uliopita tulipata barua kutoka Uingereza. Aliyeiandika alikuwa mwanafunzi wetu katika chuo cha ualimu, na sasa anaishi na kufanya kazi karibu na mji wa Birmingham. Baada ya kutuamkia na kutuuliza habari za mvua na za wazee aliowaacha nyumbani, alituletea swali ambalo alisema limemkosesha usingizi. Tulipolisoma mara ya kwanza tulicheka kidogo, maana lilihusu motokaa. Tulipolisoma mara ya pili hatukucheka tena. Twaona kwamba swali lake latuhusu na sisi tusio na motokaa, na ndiyo sababu tumeomba nafasi katika gazeti hili la mtaa wetu.

Mambo yenyewe ni haya. Yeye na jirani yake, mzee Mwingereza aliyestaafu kazi ya ufundi, walinunua motokaa ndogo ya zamani iitwayo Mini. Wakaing'oa injini yake, na mahali pake wakaweka injini ya pikipiki, aina ya Yamaha R1. Injini imekwisha kufungwa, nayo inawaka vizuri. Lakini fedha zimekwisha. Breki ni zile zile za zamani, na fedha za kununua nyingine hazitapatikana kabla ya miezi minne. Jirani asema, "Tuitoe barabarani tuijaribu. Tutaendesha polepole." Mwanafunzi wetu auliza, "Mwalimu, je, ni kosa? Hatujamgonga mtu, wala hatukusudii kumgonga mtu."

Kabla ya kujibu, yafaa tuifahamu motokaa yenyewe. Mwaka 1956 vurugu za Mfereji wa Suez zilileta upungufu wa petroli huko Uingereza, na watu wakatafuta motokaa zisizokula mafuta mengi. Kampuni ya BMC ikamwagiza mhandisi Alec Issigonis abuni motokaa ndogo, nayo ikaanza kuuzwa mwezi wa Agosti 1959. Urefu wake ulikuwa kama meta 3 tu, lakini watu wanne waliingia, kwa sababu Issigonis aliikingamisha injini badala ya kuilaza kwa urefu. Magurudumu yalikuwa ya inchi 10. Injini ilikuwa ya sentimita za ujazo 848, yenye nguvu za farasi 34. Breki zilikuwa za dramu kwenye magurudumu yote manne, yaani zile ambazo vipande vya ndani hutanuka na kusugua bakuli la chuma linalozunguka. Gurudumu likiwa dogo, na bakuli hilo haliwezi kuwa kubwa. Kwa motokaa ambayo mwendo wake wa mwisho ulikuwa kama kilomita 116 kwa saa, zilihesabiwa kuwa zinatosha.

Mwaka 1961 ilitolewa Mini yenye nguvu zaidi, kwa ushauri wa John Cooper, mtengenezaji wa magari ya mashindano. Injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 997, na nguvu zake zilipanda kutoka 34 hadi 55. Tazameni walivyofanya: motokaa hiyo iliyoongezewa nguvu 21 ilitoka kiwandani ikiwa na breki za diski kwenye magurudumu ya mbele. Hawakumwambia mnunuzi, "Chukua nguvu leo, breki utakuja kuzifuata mwakani." Vilitoka pamoja, siku moja, katika bei moja.

Sasa tuiangalie injini ya pikipiki. Yamaha R1 ilitokea mwaka 1998, na injini yake ya sentimita za ujazo 998 ilikuwa na nguvu zipatazo 150. Ile ya Mini ya kwanza ilitoa nguvu zake zote ikizunguka mara 5,500 kwa dakika, lakini hii huzunguka zaidi ya mara 10,000. Iliundwa kumsukuma mtu mmoja au wawili juu ya magurudumu mawili. Hata gea ya kurudi nyuma haina, na fundi anayeifunga katika motokaa hana budi kubuni njia nyingine ya kurudi. Injini hiyo inajua kwenda mbele tu. Basi katika motokaa ile ndogo nguvu zimezidi mara nne, na breki hazijaongezwa hata kidogo.

Jambo la pili ni hesabu tuliyokuwa tukiwafundisha wanafunzi wetu ubaoni. Mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya kusimamisha gari haizidi mara mbili, bali mara nne. Atokaye kilomita 50 kwa saa akafika 100, breki zake zinapaswa kumeza mara nne ya kile zilichomeza kwanza. Nacho hugeuka kuwa joto. Dramu imefungwa, joto halitoki upesi, na breki ikipata moto sana hulegea. Kwa hiyo mtu anaweza kuijaribu motokaa yake mara moja uani akaiona inasimama vizuri, kumbe mara ya tatu au ya nne, kwenye mteremko, ndipo atakapokanyaga na isisimame.

Turudi kwenye swali. Watu wanaotetea safari ya namna hii huwa na hoja tatu, nasi tumezipima kila moja.

Hoja ya kwanza yasema, "Mwili ni wangu, nikifa nimekufa mimi." Hata kama tungekubali kwamba mtu ana ruhusa ya kuuchezea uhai wake, jambo ambalo hatulikubali, hoja hii haifiki popote. Barabara si ya mtu mmoja. Mtoto anayevuka kwenda shule hakuulizwa kama anakubali kushiriki jaribio. Sheria ya nchi ile yamtaka mwenye motokaa aijulishe ofisi ya kuandikisha magari, na bima pia, anapobadili injini, kwa sababu hiyo hiyo: wengine wana haki katika jambo lile. Lakini sheria haioni ndani ya banda la mtu usiku. Humo huona dhamiri peke yake.

Hoja ya pili yasema, "Nitaendesha polepole." Hoja hii ni ya hatari kuliko zote, kwa kuwa husemwa na watu wema. Anayeisema hadanganyi, maana wakati anapoisema moyo wake ni mnyofu. Lakini angalieni anachofanya. Kile ambacho kingepaswa kukaa katika chuma amekiweka katika nia yake, na nia huchoka, husahau, husifiwa na rafiki ikavimba. Tena ni kwa nini mtu aweke nguvu 150 kama haja yake ni kwenda kwa nguvu 34? Kama kweli alitaka kwenda polepole, injini ya zamani ilikuwa imekwisha kumtosha. Miguu ya mtu aliyekwisha kuweka injini ile inajua kwa nini aliiweka, hata kama mdomo wake unasema mengine.

Hoja ya tatu yasema, "Sikusudii kumdhuru mtu." Hapa twaomba ruhusa ya kusema habari zetu wenyewe, ingawa hazitupi sifa.

Tulipokuwa na umri wa miaka 14 baba yetu alitupa fedha tukanunue raba za breki za baiskeli yake, maana zile za zamani zilikuwa zimekwisha kabisa. Dukani tukaona taa ya dinamo. Tukaipenda. Tukasema moyoni kwamba raba tutazinunua mwezi ujao, na kwa sasa tutazuia kwa kandambili, kwa kulikandamiza gurudumu la nyuma kwa mguu kama vijana wote walivyokuwa wakifanya. Siku ya tano, katika mteremko ushukao mtoni, tulimkuta bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani. Tulipiga kelele. Tulikandamiza kwa mguu. Baiskeli haikusimama. Bibi yule alivunjika mguu, na tangu siku ile alitembea kwa gongo mpaka alipofariki. Alimwambia baba, "Msimpige, mtoto hakukusudia." Nayo ilikuwa kweli tupu, hatukukusudia. Lakini miaka hamsini imepita, na bado tukilisikia gongo kanisani, mtu akipita kati ya viti, twakumbuka ile taa ya dinamo.

Tumefikiri sana juu ya neno lile la bibi. Twaona kwamba alisema kweli juu ya mteremko, lakini hakujua habari za duka. Mteremkoni hatukuwa na uwezo wa kuchagua kitu chochote. Dukani tulichagua. Kosa letu lilikuwa limekwisha kutendeka siku tano kabla ya mtu kuumia, na lingekuwa kosa hata kama njia ingekuwa tupu siku ile na bibi angefika nyumbani salama. Ambaye njia ilikuwa tupu amepata bahati tu, wala bahati haimfanyi kuwa mwema kuliko sisi.

Torati yafahamu jambo hili. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, yumo mtu anayejenga nyumba mpya. Ameagizwa aweke ukuta wa kuzuia watu pande zote za dari, kusudi asije akapata hatia ya damu mtu akianguka. Sheria haimngojei mtu aanguke. Wala haisemi kwamba ukuta ule ujengwe fedha zikipatikana. Ajengapo dari, na ajenge na ukuta. Katika Kutoka, sura ya 21, yumo ng'ombe mkali. Mwenyewe ambaye hakuwa amejua ukali wake ahukumiwa kwa namna moja, na yule aliyekwisha kuonywa akaacha kumfunga ahukumiwa kwa namna nyingine, kali zaidi. Mwanafunzi wetu amekwisha kuonywa. Barua yake yenyewe ndiyo onyo, kwa maana asingeuliza kama hakujua.

Lakini hatutaki msomaji adhani kwamba twachukia injini zenye nguvu, au kwamba mwenye breki nyingi kupita wote ndiye mtakatifu. Hata breki zina kiasi chake. Injini ya pikipiki ni nyepesi kuliko ile iliyotolewa, kwa hiyo uzito wa mbele umepungua, na namna kiwanda kilivyogawa kazi kati ya breki za mbele na za nyuma haiwi sawa tena. Mtu akiweka breki kubwa bila kupima, magurudumu hujifunga, matairi huteleza, na motokaa hugeuka upande. Ndiyo maana mafundi hawasemi breki kubwa, husema breki za kutosha. Za kutosha kwa uzito huu, kwa matairi haya, kwa mwendo huu. Vivyo hivyo mzazi anayemfungia kijana kila mlango hajamfundisha kusimama. Amemzuia asiondoke tu, na siku mlango utakapofunguka atateleza.

Basi twaona kanuni ni hii: anayeongeza nguvu ndiye mwenye deni la breki, na deni hilo halina siku ya kungojewa. Twaweza kulipima hapa kwetu. Tumempa kijana pikipiki ya biashara kabla hajafundishwa barabara. Tumemkabidhi mtu fedha za jengo la kanisa bila mkaguzi wa hesabu, kwa kuwa "twamwamini", halafu zikipotea twamlaani yeye peke yake. Tumemnunulia mtoto simu yenye kila kitu, na mazungumzo naye twayaweka mpaka likizo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mara nyingine hata nafasi ya kujenga ukuta hatuipati.

Tulimjibu mwanafunzi wetu kwa maneno machache. Tulimwambia kwamba ndiyo, ni kosa, nalo laanza pale motokaa inapopita langoni, si pale inapomgonga mtu. Tulimwambia asiuze injini wala asione haya kwa kupenda ufundi, maana kutengeneza kitu kwa mikono ni furaha halali. Na kwa sababu twaijua nia ya binadamu, tukaongeza ushauri mmoja: asijiwekee ahadi, bali autoe ule mnyororo unaopeleka nguvu za injini kwenye magurudumu, aukabidhi kwa mkewe mpaka breki zifike.

Jibu lake limefika juma lililopita. Jirani alinuna siku mbili, kisha akaja mwenyewe na spana wakautoa mnyororo pamoja. Sasa umetundikwa jikoni, kwenye msumari, karibu na kalenda. Jirani ameuza mashine yake ya zamani ya kuchomelea ili breki zipatikane baada ya miezi miwili badala ya minne. Kumbe fedha zilikuwapo. Hazikuwa zimetafutwa tu, kama vile sisi nasi, siku ile dukani, tulivyokuwa na fedha za raba mkononi.