Simu ni ya Nani?



Mwezi wa Machi simu yangu ilitumbukia katika ndoo ya maji ya ng'ombe. Niliinama kumfungua ndama, nayo ikachomoka katika mfuko wa shati na kuzama. Nilifanya kila nililoshauriwa. Niliifuta, nikaifukia katika mchele siku mbili (mke wangu hakupendezwa, maana ulikuwa mchele wa Pasaka), halafu nikaipeleka kwa fundi mjini Muheza. Fundi aliifungua, akaikagua kwa lenzi yake, kisha akaniambia taratibu, kama daktari anavyosema na jamaa wa mgonjwa, ya kwamba matengenezo yatafika shilingi 180,000, wala haahidi kuwa itadumu. "Mwalimu," akasema, "nunua nyingine tu."

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Nimefundisha miaka 34, kwanza shule za msingi, baadaye chuo cha ualimu, na katika miaka hiyo nimepata kuamua mambo mazito kuliko simu. Lakini hili lilininyima usingizi. Sitaki mdhani nawaandikia kwa sababu simu yangu ni jambo kubwa kwa mtaa wetu. Nawaandikia kwa kuwa nilikuja kutambua, tena kwa uchungu, kwamba muda wote ule nilikuwa najiuliza swali lisilo lenyewe.

Swali nililojiuliza lilikuwa hili: ipi ni bora? Binti yangu aliye Dar es Salaam alisema ataniongezea fedha nichukue iPhone iliyokwisha kutumika, zile zinazoletwa kutoka Dubai. "Baba, ukipiga picha nayo utaona mwenyewe." Mjukuu wangu wa kidato cha tano akapinga: kwa fedha hiyo hiyo Babu atapata Tecno au Infinix mpya kabisa, yenye betri ya kukaa siku mbili. Muuza duka naye alikuwa na lake, yaani ile iliyobaki nyingi kwenye kabati. Kila mmoja wao alisema kweli, na hiyo ndiyo shida. Kwa kuwa mwalimu haachi ualimu, nilinunua daftari, nikachora majedwali, simu saba upande wa kushoto na sifa zake juu. Juma lilipokwisha daftari lilikuwa limejaa, nami nilikuwa najua kidogo kuliko nilipoanza.

Si kwamba sikuvumbua lolote. Nilivumbua kwamba Tecno, Infinix na itel, ambazo kwenye rafu husimama kama mahasimu, zote ni za kampuni moja ya Kichina iitwayo Transsion, yenye makao yake Shenzhen. Ni kama ndugu wa baba mmoja wanaogombania wateja sokoni mchana, na jioni wanakula sinia moja. Nilivumbua pia kwamba ile iPhone 6 niliyoonyeshwa kwa bei ya kuvutia, simu ya mwaka 2014, haiwezi kutumia WhatsApp tangu tarehe 5 Mei 2025, kwa sababu programu yake ya ndani haiwezi tena kupandishwa daraja. Kioo kizima, chuma kizima, lakini kazi iliyonipeleka dukani haifanyi. Safu moja tu ya daftari langu ndiyo iliyokuwa na maana kweli, nayo haikuandikwa kwenye boksi lolote: mtengenezaji ameahidi kuitunza programu ya simu hii kwa miaka mingapi? Google mwaka 2023, na Samsung Januari 2024, waliahidi miaka 7 kwa simu zao za bei kubwa. Huko Ulaya tangu tarehe 20 Juni 2025 jambo hili ni la sheria, pamoja na wajibu wa kuweka vipuri. Kwetu sisi mnunuzi aulize mwenyewe.

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Alinusa nyama huku, akanusa nyama kule, akataka miguu ya kushoto ishike njia hii na ya kulia njia ile, na mwisho wake twaujua. Mimi nilikuwa na njia saba. Yuko mtaalamu mmoja wa Marekani, Herbert Simon, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 1978, ambaye alifundisha kwamba mwanadamu hana akili wala muda wa kutafuta kilicho bora kuliko vyote. Mwenye busara huweka kipimo cha kinachotosha, na kitu cha kwanza kukifikia kipimo hicho hukichukua, akaenda zake. Nilipomkumbuka nilicheka peke yangu. Maana hata chuoni tulifundishwa hivyo hivyo. Katika andalio la somo, lengo huandikwa kwanza, zana za kufundishia baadaye. Mwanafunzi wa ualimu akija darasani na picha nzuri ya rangi isiyo na lengo, mkufunzi humwuliza: "Hii ni ya nini?" Wengi walilia kwa swali hilo. Mimi nimelitumia kuwaliza wengine miaka mingi, na sasa nilisimama dukani na fedha mkononi bila kujiuliza.

Basi nikakaa nikaandika malengo yangu. Kupiga na kupokea simu. Kutuma na kupokea fedha. Kujua saa. Nikatazama orodha hiyo, nikaona kuwa kitochi chatosha. Huduma ya M-Pesa imekuwapo nchini tangu mwaka 2008, na hadi leo haidai simu janja. Kitochi kinaifanya vizuri tu. Nikanunua kimoja kwa shilingi 35,000, nikaweka laini yangu, mambo yakaisha.

Ningependa kukomea hapo. Makala ingekuwa fupi, nami ningeonekana mtu wa kiasi. Lakini naungama kwenu kwamba kile kitochi kilinipa majivuno ambayo iPhone isingeweza kunipa. Baada ya ibada nilikuwa nakitoa mfukoni makusudi, watu wakione. Walisema, "Mwalimu hana makuu," nami nilinyamaza kwa namna ya kukubali. Nilianza hata kuwatazama kwa huruma vijana walioinamia vioo vyao. Mtu anayejivunia saa ya dhahabu walau anajua kuwa anajivuna.

Tena, unyenyekevu wangu ulikuwa umebebwa na wengine. Ratiba ya mtaa hutumwa siku hizi kwa WhatsApp. Ikawa jirani yangu, mama mwenye kazi zake, anakuja kila Jumamosi kunisomea. Picha ya cheti cha kuzaliwa cha mjukuu ilipotakiwa, alitumwa kijana wa bodaboda aipige kwa simu yake na kuituma kwa bando lake. Nilihesabu kuwa nimeokoa zaidi ya shilingi laki tatu. Sikuhesabu nani anazilipa kidogo kidogo.

Yote hayo yangeweza kuwa jambo la kuchekea. Lakini juma la tatu alifariki mwenzangu mmoja tuliyesoma naye chuo cha ualimu kuanzia mwaka 1981. Tulilala bweni moja, vitanda vinatazamana. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika ubaoni bila mistari kupanda mlima. Aliugua siku nane, akalazwa, akafa, akazikwa huko kwao Lushoto, nami nikiwa Muheza, mwendo wa basi la asubuhi, sina habari. Tunalo kundi letu la WhatsApp la watu 42 tuliosoma pamoja. Humo ndimo ilimotangazwa kuwa anaumwa, humo ndimo michango ya matibabu ilimokusanywa, humo ndimo tangazo la maziko lilimotoka. Hakuna aliyenipigia, kwa kuwa kila mmoja aliamini kuwa nimekwisha kuona. Nilipata habari kwa mtu niliyekutana naye stendi, siku ya tano baada ya maziko.

Kwanza nilikasirika. Nilisema moyoni: watu gani hawa, hata kupiga simu wanashindwa? Nikapanda basi kwenda kuhani. Mjane wa marehemu alinipokea vizuri, akanipa kiti na chai. Halafu akasema bila ukali wowote, "Shemeji, tulijua umeona." Akaongeza kwamba marehemu siku ya sita aliuliza kama nimejibu.

Sikuwa na la kumjibu. Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa najifunza kuishi kwa kiasi?

Tangu siku ile nimelifikiria jambo hili sana, na fikira zangu zimefika hapa. Koti nikilinunua ni langu. Likiwa na matundu, baridi ni yangu. Baiskeli kadhalika. Lakini simu si kitu cha mtu mmoja, hata kama risiti ina jina moja. Ni kama mlango wa nyumba: nusu yake ni ya mwenye nyumba atokaye, na nusu ni ya mgeni abishaye hodi. Nilipoandika malengo yangu yale matatu niliandika ninavyotaka mimi kutoka. Sikuandika nani huja kwangu, na kwa njia gani. Swali langu la kweli halikuwa "ipi bora," wala halikuwa "ipi yanitosha." Lilikuwa: nina wajibu wa kupatikana kwa nani, nao wamezoea kupita wapi?

Mtaniambia, je, basi kila mtu alazimike kununua simu janja kwa sababu wengine wameamua kuitana huko? Hoja hiyo ina nguvu, nami sina jibu lake lote. Si haki mkulima auze debe la mahindi ili apate kujua nani kafa. Wale wanaohamisha matangazo yote kwenye kundi, wakaona wamewafikia watu, nao wamechagua simu kwa ajili ya wengine pasipo kuwauliza. Lakini mimi sikuwa mkulima huyo. Mimi nilikuwa na fedha, nikachagua kitochi ili nisifiwe.

Na nikisema kwamba simu ni ya watu wengi, siwezi kuwaruka wale wa nyuma kabisa. Ndani ya simu mnamo betri yenye kobalti, na vipande vidogo vya kuhifadhi umeme vinavyotengenezwa kwa tantalamu itokayo katika koltani. Kobalti ya dunia, zaidi ya nusu, hutoka Kongo, sehemu za Kolwezi na jirani zake. Koltani nyingi hutoka Rubaya, Kivu ya Kaskazini, mji ambao waasi wa M23 waliuteka mwaka 2024. Januari 2016 shirika la Amnesty International lilieleza jinsi watoto wanavyochimba na kubeba kobalti. Hao ni watu wanaosema Kiswahili. Tungekutana nao njiani tungesalimiana. Niliwahi kudhani dawa ni kususa tu. Lakini mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuyataka makampuni yaseme wazi kama yanatumia madini yatokayo katika maeneo ya vita huko Kongo, na wanunuzi wengi waliona rahisi kukimbia nchi nzima kuliko kuchunguza, hata wachimbaji wasio na hatia wakakosa soko. Kwa hiyo sijui kununua kwa namna ya kumfaa mtoto wa Kolwezi. Najua tu kwamba simu ninayoitunza miaka sita inamchimbisha mtu mara moja, na ile ninayoibadilisha kila mwaka inamchimbisha mara sita.

Nimenunua Samsung, ile A16 iliyotoka mwaka 2024, mpya, kwa shilingi laki nne na kidogo. Si nzuri kuliko zote; mjukuu wangu alikunja uso alipoona kamera. Nimeichagua kwa kuwa kampuni imeahidi kuitunza miaka 6, na miaka sita kwa mtu wa umri wangu ni ahadi ndefu ya kutosha. Kabla ya kulipa nilibonyeza *#06# nikahakiki nambari yake, maana nakumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchi nzima, na jirani yangu mmoja akaamka na kipande cha plastiki. Binti yangu hakukasirika. Zile fedha alizotaka kuniongezea nilimwomba azitume Lushoto.

Kitochi sikukitupa; kipo kwa mchungaji wa ng'ombe wangu, anakipenda kwa tochi yake. Ile simu iliyozama bado imo kwenye droo, sijapata wa kuniambia ipelekwe wapi. Mwenye kujua amwandikie Mhariri.

Katika kundi letu la watu 42 tumebaki 41. Nilipendekeza tuandike majina ya wasio na simu janja, nao wakapatikana wanne, na kila mmoja amewekewa mtu wa kumpigia kukiwa na habari. Mimi nimepewa mwalimu mmoja wa Kilindi. Yeye hupatikana jioni tu, kati ya saa kumi na mbili na saa moja, anapopanda kilima kilicho nyuma ya nyumba yake kutafuta mtandao. Kwa hiyo saa hizo sipangi kazi nyingine.