Jicho Halina Hatia

Wapendwa vijana wa Moi's Bridge, nyinyi mnaoizunguka meza ya pool tangu saa nne asubuhi hadi giza liingie, leo neno ni lenu. Msinikwepe. Nimepita hapo verandani nikielekea steji mara nyingi kuliko mnavyodhani, na kila mara nasikia kilio kile kile. Mpira umegonga mdomo wa shimo ukakataa kuingia, na aliyepiga anainua fimbo, anaikagua ncha kama fundi, kisha anatangaza: "Leo sina shabaha."

Uongo! Shabaha unayo. Jicho lililokuvusha barabara ya Kitale katikati ya bodaboda na trela la mahindi, ukafika ng'ambo ukiwa mzima, halishindwi kuuona mpira mnene kuliko yai. Mnalisingizia jicho kesi ambayo halikuhusika, na mhalifu amekaa zake begani mwenu akichekelea.

Nakubali, asiyejua kulenga hajaanza kucheza. Lakini kulenga ni darasa la kwanza. Unaambiwa uwaze mpira wa pili usioonekana, umegusana na ule unaotaka kuutia, nyuma yake, umenyooka na shimo. Kazi yako ni kuupeleka mpira mweupe, ule unaoupiga kwa fimbo, ukakae pale. Basi, somo limekwisha. Mtoto hulishika alasiri moja, na baada ya miezi michache jicho hulifanya lenyewe bila kuulizwa. Sasa niambieni, kwa nini aliyecheza miaka sita bado analipia michezo ya wenzake? Maana sheria ya meza zetu mnaijua: mshindi anabaki, aliyeshindwa anatoa sarafu. Kuna ndugu hapa wamesomesha watoto wa mwenye meza hadi fomu foo kwa sarafu zao, na bado wanalalamikia macho.

Fungueni kitabu cha Waamuzi, sura ya 20. Kabila la Benyamini lilikuwa na wanaume 700 wa mkono wa kushoto, kila mmoja akiweza kutupa jiwe kwa kombeo akaupata unywele. Unywele! Nani kati yenu, hata siku ile bahati ilipomjia, amewahi kulenga hivyo? Na siku ya kwanza ya vita na Waisraeli wenzao, Benyamini walishinda. Siku ya pili wakashinda. Siku ya tatu Waisraeli wakajifanya wanakimbia, Benyamini wakawafuata kwa shangwe mbali na mji wao wa Gibea, kumbe Waisraeli wengine walikuwa wamevizia karibu nao. Walipogeuka, mji wao ulikuwa moshi mtupu. Wakasalia wanaume 600 waliokimbilia mwamba wa Rimoni. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mawe yao yalianza kukosa. Macho yalikuwa yale yale, mikono ile ile, ila miguu ilikuwa imesimama mahali ambapo shabaha haina msaada.

Hiyo ndiyo habari yako, Mbenyamini wa Moi's Bridge! Unatia mpira wa kwanza kwa kishindo, watu wanapiga makofi. Unatia wa pili kutoka kona hadi kona, mmoja anakupigia saluti. Na mpira mweupe je? Hukuuwazia. Umekwenda ulikotaka wenyewe, umejibanza ukingoni nyuma ya mipira ya adui, na wa tatu hauonekani hata ukipiga magoti. Ndipo unasema leo sina shabaha.

Kama mahubiri hayakutoshi, nitakupa hesabu. Mkono mrefu wa saa hutembea digrii 6 kwa dakika moja. Chukua digrii moja tu, mwendo wa sekunde 10. Mpira wa pool wa kawaida una upana wa milimita 57. Ukiwa umeuacha mweupe mita nzima kutoka kwenye mpira unaoulenga, na fimbo yako ikapinda digrii hiyo moja, mpira huo unaolengwa utapotoka karibu digrii 17. Ukiwa na nusu mita ya kusafiri, utafika sentimita 15 kando ya shimo. Sasa uweke mweupe sentimita 20 tu kutoka kwenye mpira. Kosa ni lile lile, mkono ni ule ule wenye dhambi, lakini mpira unapotoka digrii mbili na nusu na kufika kando kwa sentimita mbili na kitu. Unaingia! Unaingia, na watu wanasema una jicho la mwewe, kumbe ulisamehewa kwa sababu ulikuwa karibu.

Willie Mosconi, Mmarekani, alitia mipira 526 mfululizo bila kukosa mwezi Machi 1954 huko Springfield, Ohio, katika mchezo ambao unataja mpira na shimo lake kabla ya kupiga. Rekodi hiyo ilikaa miaka 65 hadi John Schmidt alipofika 626 mwaka 2019. Mnadhani watu hawa walitia mipira 500 ya kona hadi kona? Hakuna mwanadamu mwenye uwezo huo. Walitia mpira mwepesi, wakauacha mweupe mbele ya mpira mwepesi mwingine, na mwingine, na mwingine. Ukiwatazama watu wa namna hii unaweza hata kuchoka, maana hawakuonyeshi muujiza wowote. Anayelazimika kufanya miujiza kila zamu ni yule aliyeharibu zamu iliyotangulia.

Lakini mweupe hautakutii kama mkono wako haujatubu, na hapa ndipo nitakaa, maana hapa ndipo mnapoangamia. Jicho limeona vizuri. Limeuambia mkono, pita hapa. Mkono wa kulia ukasema ndiyo, ukaenda kwingine! Kiwiko kimetoka nje, kichwa kimeinuka kabla ya ncha kugusa mpira, ngumi imeikaba fimbo kama shingo ya kuku wa Krismasi. Na mkono wa kushoto, ule unaolala mezani fimbo ipite juu yake, umelegea, vidole vinacheza. Mimi mkono huo nauita daraja, na nyinyi mngepaswa kuliheshimu neno hilo kuliko watu wote wa Kenya. Mji huu kwanza uliitwa Hoey's Bridge. Arthur Hoey alikuwa mwindaji wa tembo, mtu wa kulenga na kuua. Lakini mji haukupata jina kwa tembo wala bunduki. Alijenga daraja juu ya Nzoia, mikokoteni ikavuka, na hata jina lake lilipoondolewa likaja la Moi, daraja lilibaki kwenye jina.

Basi lazeni kiganja mezani kisitikisike! Shikeni fimbo kama mnavyomshika kifaranga. Kichwa kibaki chini mpaka mpira utulie, hata mwenzako akikuita jina la mama yako. Kisha jifunzeni mambo matatu ya mweupe: kuusimamisha palepale kwa kuupiga chini kidogo ya katikati, kuufanya ufuate kwa kuupiga juu, kuurudisha kwa kuupiga chini kabisa, choki ikiwa imepakwa. Msokoto wa pembeni uacheni kwa sasa. Mimi nilianza na huo, kabla sijaokoka, kwa sababu ulikuwa unapendeza kutazamwa, na ulinila nauli ya Eldoret mara mbili kwa jioni moja. Msiniulize ni kwa nani.

Mtasema meza yetu imelala upande mmoja, kitambaa kina kiraka. Ni kweli, hata mimi naiona. Basi asiyekaa karibu na mpira wake kwenye meza kama hiyo ni nani kama si mpumbavu? Kwenye meza mbovu umbali unaadhibu zaidi.

Nyumbani, laza chupa tupu ya soda mezani, na upitishe fimbo mdomoni mwake mbele na nyuma mara 100 bila kugusa kioo. Huna fimbo? Tumia mpini wa ufagio, mradi umenyooka na unapita. Halafu njoo mezani mapema, kabla ya kelele. Sarafu moja inakumwagia mipira 15. Usicheze na mtu. Utie kila mpira kutoka karibu, ukitamka kwa sauti, kabla ya kupiga, mahali mweupe utakaposimama. Usiposimama hapo, umekosa, hata kama mpira umeingia. Umekosa!

Kesho saa moja asubuhi nitakuwa hapo verandani mwenyewe, na mwenye meza nimeshazungumza naye. Chupa ninayo. Njooni na sarafu.