Baraka ya Kula Pamoja





Miongoni mwa neema alizotujalia Mwenyezi Mungu, chakula ni ile tunayoigusa kwa mikono yetu kila siku, na kwa sababu ya kuizoea twaisahau upesi. Mtu hushukuru apatapo mtoto, na hushukuru aponapo ugonjwa. Lakini ni wangapi wanaoinuka kwenye mkeka wa chakula wakitambua kwamba walikuwa katika ibada? Leo tuzungumze juu ya watu wa nyumba moja kula pamoja, kwani katika jambo hili linaloonekana dogo imo hekima kubwa.

Huko India ya Kusini, katika majimbo ya Kerala na Tamil Nadu, siku ya karamu chakula hakitiwi katika sahani. Kila mlaji hutandikiwa jani bichi la mgomba lililooshwa kwa maji. Wali huwekwa juu yake, na kandokando yake huwekwa mafungu madogo ya mchuzi wa dengu, mboga za nazi, achari na chumvi. Watu huketi kwa safu, hula kwa mkono wa kuume, na wakiisha hulikunja jani. Hapo tajiri hana jani la dhahabu, wala maskini hana jani la udongo.

Mgomba si mgeni kwetu sisi wa nchi za Maziwa Makuu. Jirani zetu wa Buganda hufunga ndizi katika majani hayo hayo, wakazipika kwa mvuke, kisha wakayafunua mbele ya jamaa wote. Na kwetu Kigoma na Ujiji tunalo sinia: ugali wa muhogo au wali, mgebuka au dagaa waliopikwa kwa mawese, na mikono ya watu wa nyumba kulizunguka. Huko kila mtu ana jani lake; huku sinia ni moja kwa wote. Je, ipi ni bora? Kurani Tukufu imekwisha kutuondolea ubishi huo. Katika Sura An-Nur Mwenyezi Mungu ametufahamisha kwamba si dhambi kwetu kula pamoja au mbali mbali. Basi neno si chombo. Neno ni moyo wa mlaji, na kama yuko mtu aliyeachwa nje ya riziki ile.

Hata hivyo, baraka ya kukusanyika haifichiki. Imepokewa katika Abu Daud kwamba Masahaba walimlalamikia Mtume Mtukufu (s.a.w.) kuwa wanakula wala hawashibi. Akawauliza kama labda wanakula kwa kutengana. Walipokubali, akawaagiza wakikusanyikie chakula chao na walitaje jina la Mwenyezi Mungu, nao watabarikiwa. Naye Hadhrat Abu Huraira (r.a.) ameeleza mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba chakula cha wawili chawatosha watatu, na cha watatu chawatosha wanne. Hesabu hii haifundishwi shuleni, lakini kila mama aliyelea watoto wengi anaijua.

Mpenzi msomaji, sasa litazame sinia lenyewe. Dagaa wale hawakujileta. Wavuvi wametoka Kibirizi au Katonga jua likichwa, wakakesha juu ya maji ya ziwa ambalo kina chake chapita mita 1,400, wakiwavuta samaki kwa mwanga wa taa: zamani karabai, na siku hizi taa za betri. Mwezi ukiwa mpevu hupumzika, kwa kuwa nuru ya taa haina nguvu mbele ya nuru ya mbinguni. Asubuhi akina mama wamewaanika dagaa juani, wakawageuza na kuwalinda na ndege. Mwingine amekwea mchikichi, mwingine amekamua mawese, mwingine ametwanga muhogo. Tonge moja limepita katika mikono ya watu ambao mlaji hatawajua kamwe. Ndiyo maana tunaanza kwa Bismillahi na kumaliza kwa Alhamdulillahi.

Yako mambo matatu ambayo kila nyumba inapaswa kuyaangalia.

Kwanza, malezi ya watoto. Hadhrat Umar bin Abi Salama (r.a.) alipokuwa mtoto katika malezi ya Mtume (s.a.w.), mkono wake ulikuwa ukizunguka sinia zima. Mtume (s.a.w.) hakumfukuza wala hakumpiga. Alimfundisha ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kuume, na ale kilicho mbele yake. Maneno machache, na mtoto akayashika maisha yake yote. Lakini baba ambaye hali na wanawe atawafundisha saa ngapi? Nyumba ambayo kila mmoja huchukua sahani yake, huyu akaenda mbele ya televisheni na yule akainamia simu yake, imeufunga mlango wa darasa hilo kwa mikono yake yenyewe.

Pili, haki ya mpishi. Iko desturi katika baadhi ya nyumba zetu: baba na wageni wake hupelekewa sinia barazani, na minofu yote iko huko, mama na mabinti hungoja jikoni kitakachorudi. Siku migebuka ni mingi, dhuluma haionekani. Siku mgebuka ni mmoja, kinachorudi ni miiba na mchuzi. Mtume (s.a.w.) ameagiza kwamba hata mtumishi aliyekuletea chakula, kama hukumketisha pamoja nawe, umpe walau tonge moja au mawili, kwani ndiye aliyestahimili moto wake. Ikiwa hiyo ni haki ya mtumishi, haki ya mke ni kubwa kiasi gani? Wanaume kula barazani kwa ajili ya wageni si kosa. Kosa ni kugawa baada ya kushiba, badala ya kugawa kabla ya kuanza.

Tatu, jirani. Mtume (s.a.w.) alimwusia Hadhrat Abu Dharr (r.a.) kwamba apikapo mchuzi azidishe maji, na awakumbuke jirani zake. Hakumwambia angoje mpaka awe na nyama nyingi. Alimwambia aongeze maji! Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Agizo lilikuwa la manufaa. Lakini nyumba ya mvuvi haina ghala ila ziwa. Siku kama hizo ndizo zinazopima ujirani. Tena mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipofurika katika kijiji kidogo cha Kagunga hata wageni wakawazidi wenyeji, na kipindupindu kikawaingilia, meli ya Liemba iliwachukua safari baada ya safari kuwaleta Kigoma. Mwenye kukaa mwambao huu hawezi kusema kwamba hajui njaa ya mwenzake ina sura gani.

Basi ndugu zangu, kabla mkono haujanyoshwa kwenye sinia, macho na yatangulie kuhesabu: Nani hayupo? Mama amekwisha kuketi? Sehemu ya msafiri imewekwa? Nyumba ya pili moshi umeonekana? Chakula kilichohesabiwa hivyo, kiwe juu ya jani la mgomba au juu ya sinia la bati, kina baraka ambayo haiuzwi sokoni.

Mwenyezi Mungu azijaze nyumba zetu riziki ya halali, na mioyo yetu aipe upana wa kuigawa. Amin.