Je, "Subiri" Inatosha kwa Mwenye Deni?



Ndugu zangu wanafunzi, muhula uliopita mwenzetu mmoja anayeishi Nyamirambo alikopa faranga 50,000 kwa wale tunaowaita Banki Lamberi, wakopeshaji wa mtaani wasio na leseni. Riba ikapanda mwezi baada ya mwezi. Usingizi ukamtoka, chakula kikamshinda, simu ikilia anashtuka. Msikitini akawa anakaa safu ya nyuma ili atoke kabla ya watu. Nikamwambia, "Subiri, Allah yupo," nikaona nimemaliza wajibu wangu.

Je, nilikuwa nimeumaliza?

Mtume (s.a.w.) alitufundisha dua ya kujikinga na hamu na huzuni, na katika dua hiyo hiyo akautaja uzito wa deni. Tena aya ya 280 ya Suratul Baqara inamtaka mdai ampe muhula mdaiwa aliye katika dhiki. Subira ya kwanza hapo ni ya mdai. Sisi tumemtwisha yote mdaiwa.

Wengine watasema: riba aliiingia mwenyewe, tukimsaidia tutamzoesha. Hoja hii ina uzito, kwani deni ni haki ya mtu, na Mtume alikataa kumswalia maiti aliyeacha deni la dinari mbili. Lakini tusiishie hapo. Abu Qatada (r.a.) alipolibeba deni lile, Mtume alimswalia. Kwa ufahamu wangu, ukali ule uliwaamsha walio hai. Na wenye madeni wamo katika mafungu 8 ya Zaka. Kosa linataka toba, ndiyo, lakini asiyelala hata malipo hawezi kuyapanga.

Mwishowe tulikaa naye, tukaandika madeni yake yote. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika deni. Wawili tukafuatana naye kwa mkopeshaji, akakubali kulipwa kidogo kidogo bila kuongeza riba. Sehemu tuliitoa kwenye ikimina chetu, iwe qardh hasan. Usingizi haukurudi siku ile. Ilibidi pia amwone mshauri wa afya ya akili, na hilo si upungufu wa imani.

Ndugu yangu, Ijumaa hii itazame safu ya nyuma. Usimwulize mbele za watu. Mfuate nje, mtembee pamoja.

Wallahu a'lam.