Mshiriki Asiyeonekana

Mtu akiliacha shamba lake siku moja, akaenda kulilima la jirani katika ujima, jioni huyaona aliyoyafanya. Matuta yako pale, na jirani mwenyewe yupo kumwambia ahsante. Hata kama sehemu yake ilikuwa ndogo, aweza kuionyesha kwa kidole. Lakini je, mtu aliyesaidia kazi asiyoiona, wala asiyoielewa vema, ambayo hata ikiisha hawezi kusema "kipande hiki ni changu", naye ni mshiriki wa kazi hiyo kweli? Au ni chombo tu kilichotumiwa na watu wenye elimu?

Swali hili hatukulibuni. Tangu mwezi wa Septemba 2003 limewahusu maelfu ya watu wa nchi nyingi, waliokubali kompyuta za nyumbani kwao zifanye hesabu za tabianchi kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Twapenda kulitazama leo, kwa maana hesabu hizo, kama tutakavyoona, zilikuja kufika hata kwenye mvua za upande wetu huu wa Afrika.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe lilivyo. Mwaka 1999 mtaalamu mmoja wa Uingereza, Myles Allen, aliandika katika jarida la Nature akitoa wazo kwamba watu wa kawaida waweza kusaidia kubashiri tabianchi kwa kompyuta zao wenyewe. Mwaka ule ule kazi nyingine ya namna hiyo ilikuwa imeanza huko Berkeley, Marekani: SETI@home, iliyoomba msaada wa kompyuta za watu ili kutafuta, katika mawimbi ya redio yatokayo angani, dalili za viumbe wengine wenye akili. (Viumbe hao hawakupatikana, na mwezi wa Machi 2020 ugawaji wa kazi ile ulisimamishwa, lakini ulikuwa umekwisha kuonyesha ya kuwa watu wako tayari kusaidia, hata kwa jambo lililo mbali namna hiyo.)

Wataalamu wa hali ya hewa wana kielelezo cha dunia kilichotengenezwa kwa hesabu tupu. Hewa na bahari hugawanywa katika masanduku mengi ya kufikirika, na kompyuta huhesabu jinsi joto, upepo na unyevu vinavyotoka sanduku moja kwenda jingine. Kielelezo cha Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza, ambacho kilizoea kufanya kazi katika mashine kubwa sana, kilirekebishwa kiweze kuingia katika kompyuta ya mezani. Aliyejiandikisha alikipokea kwa njia ya intaneti. Tangu hapo mashine yake ilihesabu kila ilipokuwa haina kazi nyingine, kwa majuma mengi, mpaka imalize miaka 45 ya dunia ile: miaka 15 ya kuiweka sawa, miaka 15 ya hewa ya ukaa isiyoongezwa, na miaka 15 ya hewa ya ukaa iliyoongezwa maradufu. Kisha majibu yalirudi Oxford, na mwenye nyumba akabaki na picha chache za rangi kwenye kioo cha kompyuta.

Kwa nini nyumba nyingi hivyo? Kwa sababu kuna mambo ambayo hakuna aliye na kipimo chake kamili. Barafu huanguka kwa kasi gani kutoka mawinguni? Wingu linapopanda, huchanganyika na hewa ya nje kwa kiasi gani? Unyevu ukifika wapi ndipo wingu hutokea? Masanduku ya hesabu ni makubwa mno, wingu moja ni dogo mno, na mtaalamu hulazimika kuchagua tarakimu moja kati ya nyingi zinazowezekana. Basi nyumba mbalimbali zilipewa tarakimu mbalimbali. Dunia iliyokuwa ikizunguka katika chumba kimoja cha Oxford haikuwa sawa na ile iliyokuwa ikizunguka katika chumba kingine cha Berlin.

Hapo ndipo methali yetu ya haba na haba inapotupungukia kidogo. Katika kibaba punje zote ni sawa, na kila anayetia huongeza. Katika kazi hii punje zatakiwa zitofautiane, na faida yote imo katika kutofautiana huko. Nyumba ambayo dunia yake ilipata joto kidogo, na nyumba ambayo dunia yake iliungua vibaya, zote mbili zilihitajiwa. Mwezi wa Januari 2005 majibu ya kwanza yalichapishwa katika Nature: hesabu 2,578, zenye jumla ya miaka zaidi ya 100,000, katika kazi iliyokuwa na washiriki zaidi ya 90,000 wa nchi zaidi ya 140. Hewa ya ukaa ikiongezwa maradufu, vielelezo vingine vilionyesha ongezeko la joto lisilofika digrii 2, na vingine zaidi ya digrii 11. Vilivyo vingi vilikusanyika karibu na digrii 3.4.

Viko pia vielelezo vilivyowekwa kando. Sehemu ya bahari ya Pasifiki, upande wa mashariki karibu na ikweta, ilianza kupoa ndani yake kwa namna isiyopatana na ulimwengu wa kweli, kwa hiyo havikuhesabiwa pamoja na vingine. Tumfikirie basi mwenye nyumba ambaye kompyuta yake ilikesha siku nyingi kwa ajili ya dunia ya namna hiyo. Je, alifanya kazi ya bure? Sisi twasema hapana. Mtoto akipotea kijijini, watu hugawana njia. Mmoja hupelekwa mtoni, mwingine porini, mwingine barabara ya sokoni. Aliyekwenda mtoni akarudi mikono mitupu hawezi kuambiwa amepoteza siku, maana kwa sababu yake wote wajua ya kuwa mtoto hayuko mtoni. Tena hakuchagua njia; alipewa. Heshima yake haitegemei kwamba ndiye aliyemkuta mtoto, bali kwamba alikwenda kweli mpaka mwisho wa njia aliyopewa.

Tuseme neno moja juu ya sisi wenye magazeti. Majibu yale ya mwaka 2005 yalipotoka, magazeti mengi yaliikamata tarakimu ya digrii 11 na kuiweka juu kabisa kwa herufi kubwa, kana kwamba ndiyo iliyobashiriwa. Ile 3.4, ambayo vielelezo vingi viliikaribia, ilikosa mwenyeji. Watu 90,000 wametumwa njia zote za kijiji, nasi twatangaza habari za mmoja tu, yule aliyerudi na kelele nyingi! Huko si kumheshimu mshiriki, wala si kumheshimu msomaji.

Liko neno ambalo watu wengi husema kwa wepesi: kwamba aliyetoa kompyuta yake hakutoa kitu, kwa kuwa ilikuwa imekaa bure. Hapa yatupasa kuwa waangalifu. Kompyuta iliyokaa bure hula umeme kidogo. Ikitumwa kuhesabu mfululizo, hula zaidi. Tuseme kwa mfano imezidisha wati 50. Kwa siku moja hiyo ni uniti 1.2, na kwa siku 30 ni uniti 36. Wasomaji wetu wanaonunua umeme wa LUKU hawahitaji kuelezwa uniti 36 ni nini, wala kuambiwa ni nani katika nyumba anayeulizwa zimekwenda wapi. Aidha, katika miaka ile sehemu kubwa ya umeme wa Uingereza ilitokana na makaa ya mawe. Mtambo wa mwisho wa makaa nchini humo ulifungwa tarehe 30 Septemba 2024. Basi watu walichoma makaa ili kujua madhara ya kuchoma makaa. Wapo waliolicheka jambo hili, na wapo waliolikasirikia.

Hatudhani kuwa ni kosa. Daktari naye humtoa mgonjwa damu ili aipime damu, na mashine kubwa ya serikali nayo isingefanya hesabu hizo bila umeme. Katika nchi za baridi, mashine ikipata moto wakati wa kipupwe, hata chumba hufaidika. Lakini kipimo cha damu hutolewa kwa kiasi, na mgonjwa huambiwa. Anayeombwa msaada ana haki ya kujua gharama yake, ili kile anachokitoa kiwe ni kipaji kweli, kisiwe ni kitu kilichochukuliwa naye akiwa amelala. Kwa sababu hiyo hiyo hatuwezi kumsifu mfanyakazi anayeziwekea kompyuta za ofisi programu ya namna hii pasipo ruhusa. Kazi aliyoichagua ni njema. Ukarimu wake ni wa mali ya mwenziwe.

Twafika sasa penye kiini cha mambo. Mwezi wa Februari 2006 shirika la utangazaji la BBC liliungana na watu wa Oxford, likawaalika wasikilizaji na watazamaji wake katika jaribio jipya. Safari hii kila kompyuta ilipewa miaka 160, tangu 1920 hata 2080. Watu wengi sana waliitikia. Mwezi wa Aprili ikaonekana ya kuwa faili moja lina kosa. Moshi wa viwanda una chembechembe za salfa zinazorudisha sehemu ya mwanga wa jua angani na kupunguza joto. Kwa sababu ya kosa lile, hesabu hazikuingiza ipasavyo chembechembe hizo, na dunia zote zilikuwa zikipata joto haraka kupita kiasi. Kompyuta zilikuwa zimekwisha kuhesabu tangu Februari, mchana na usiku.

Wangeweza kufanya nini? Wenye nyumba wasingejua. Si rahisi mtu wa kawaida kuligundua kosa kama lile kwa kutazama picha za rangi. Mtu mwenye hila angeweza kunyamaza, akaziacha mashine zimalize, kisha akasahihisha mambo kimya kimya. Wao walitangaza hadharani, wakaeleza kosa ni lipi, wakawaomba watu waanze upya. Wakasema pia ya kuwa hesabu zilizoharibika zitawafaa kwa jambo jingine, yaani kuonyesha dunia ingekuwaje pasipo kivuli cha moshi ule. Twaamini walisema kweli, ingawa faraja ya namna hiyo humwendea polepole mtu aliyekwisha kulipia umeme.

Sasa tuulize tena: mtu yule ni mshiriki au ni chombo? Jembe likilima shamba lisilo lake, hakuna anayelirudia jioni na kuliomba radhi. Walipowaambia watu wale "tumekosea, na kazi yenu ya majuma mengi imekwenda upande", waliwahesabu kuwa ni watu. Wangewaficha, wangewafanya majembe, hata kama matokeo ya utafiti yangekuwa yale yale. Kwa hiyo jibu la swali letu halimo katika kompyuta, wala katika ukubwa wa kipande alichopewa mtu, wala katika elimu aliyo nayo. Limo katika ukweli unaopita kati ya anayeomba na anayetoa. Kadiri mtoaji asivyoweza kuona mwenyewe, ndivyo mwombaji anavyobanwa zaidi kumwonyesha.

Mazao yalikuja baadaye. Mwaka 2011, katika Nature, wataalamu walitumia maelfu ya hesabu za kompyuta za watu kuchunguza mafuriko ya Uingereza na Wales ya mwaka 2000, ambayo yaliingia katika nyumba karibu 10,000. Walilinganisha mwaka ule kama ulivyokuwa na mwaka ule ule kama wanadamu wasingaliongeza gesi zao hewani. Katika hesabu tisa kati ya kumi, gesi hizo zilikuwa zimeongeza hatari ya mafuriko kwa zaidi ya asilimia 20. Katika mbili kati ya tatu, kwa zaidi ya asilimia 90. Hawakusema gesi ndizo zilizoleta mafuriko. Walisema jinsi zilivyoielemeza mizani.

Njia hiyo hiyo ilitumiwa kuchunguza ukame wa Pembe ya Afrika wa mwaka 2014, masika yalipokosa nguvu. Safari hii jibu lilikuwa jingine. Katika upungufu wa mvua wenyewe wataalamu hawakuona alama ya mkono wa mwanadamu. Waliiona katika joto lililozidi na katika nguvu ya jua inayoikausha ardhi. Jibu hilo halimfai anayetaka kusikia kwamba kila ukame umeletwa na viwanda vya wageni, wala halimfai anayesema hakuna kilichobadilika. Watu waliozitoa mashine zao hawakuchagua jibu lipi litoke, nao walioulizia hawakuligeuza.

Lakini katika kazi ile walikuwamo washiriki wengine ambao hawakujiandikisha popote: wafugaji na wakulima ambao mwaka wao mbaya ndio uliohesabiwa, mara nyingi, katika vyumba vya watu wasiowajua. Mwenye kompyuta aliweza kufuata habari za kazi yake kwa intaneti. Wale wengine tunajiuliza waliambiwa na nani. Utafiti ulichapishwa mwaka 2015, kwa Kiingereza, katika jarida la wataalamu la Marekani.